Shahidi wa Pili

Kwa miaka mingi, hapana mtu wa mjini aliyelitaja jina la Bi Faiza wa Kikwajuni bila ya kulifuatishia la Bi Nunu. Ukiwa na harusi Malindi, khitma Mkunazini au maulidi Mwanakwerekwe, ulikuwa huulizi nani atapika. Uliuliza tu kama wana nafasi siku hiyo. Wakishakubali, ulilala usingizi wako, kwa sababu alfajiri wangekuja wenyewe na masufuria yao na miko mirefu kama makasia, na moshi wa kuni ukianza kupanda uani kwako majirani walijua kuwa leo watu watakula.

Faiza ndiye mwenye mkono wa viungo. Uzile, iliki, mdalasini, kitunguu thomu, vyote alivitia kwa kiganja, hapimi, na hakosei. Nunu ndiye mwenye moto. Alijua wakati wa kuvuta kuni, wakati wa kupandisha makaa juu ya kifuniko, na kwa harufu tu aliweza kukwambia kuwa mchele wa chini unataka kuungua kabla haujaungua. Faiza akipenda kuwaambia wateja, "Mie bila ya huyu ntawapikia uji wa nyama." Na Nunu naye, aliyekuwa si mtu wa maneno mengi, alicheka tu akaendelea kuchochea.

Walikuwa pamoja tangu utoto. Ukoo wa Faiza ni wa Kiarabu. Babu yake alikuwa na mikarafuu na nyumba ya ghorofa, lakini mapinduzi yalipokuja vyote vikaenda, na baba yake akahamia Kikwajuni na watoto wake na meza moja ya mninga. Nunu alizaliwa nyumba ya pili yake, kwa mkunga wa mtaa. Baba yake alikuwa hamali wa bandarini, mtu ambaye wazee wake walitoka Unyamwezi zamani za biashara ya pembe. Hapana aliyekwenda kumwandikisha mtoto yule popote. Siku hizo nani alikuwa akijali? Mama yake Nunu alipofariki, mama yake Faiza alimchukua mtoto akamlaza kitanda kimoja na wake, akawanunulia kanga moja akaikata, kila mmoja kipande chake. Walikwenda chuoni kusoma Kurani pamoja, skuli pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, na wote wawili wakawa wajane kabla ya uzee kufika.

Na vyama vingi viliporudi, walijiunga na chama kimoja, asubuhi moja. Kilikuwa chama cha upinzani, na kukipenda ilikuwa si mchezo. Faiza akawa katibu wa wanawake wa tawi. Nunu hakutaka cheo, lakini mkutano ukiwepo ndiye aliyepita mlango hadi mlango kuwatoa wanawake majumbani. Walipikia mikutano, walipikia misiba ya wanachama, walipikia waliotoka rumande. Walishindwa uchaguzi mmoja baada ya mwengine na kila mara walikwenda nyumbani wakilia, kisha wakaamka wakaanza tena.

Kisha ikaja sheria ya kitambulisho.

Sheria ilisema kwamba kuanzia uchaguzi ule, mtu hataandikwa katika daftari la wapiga kura mpaka awe na kitambulisho kipya cha ukaazi. Kile cha zamani hakitoshi. Na kukipata kile kipya, uende na cheti cha kuzaliwa. Usipokuwa nacho, uwalete mbele ya sheha, mkuu wa mtaa, wazee wawili waliokujua tangu utoto, wasimame waseme kuwa huyu ni wa hapa.

Chama kizima kilipiga kelele. Watu wangapi walizaliwa vibandani na mashambani, wangapi wazee wao wa kuwashuhudia wamekwisha kufa! Lakini baada ya kelele, kikaja kile ambacho hapana aliyekitarajia. Viongozi wakagawika. Mwenyekiti wa chama akasema, "Sheria mbaya, lakini tukisusa tutamsusia nani? Chukueni vitambulisho, mkapige kura, tuibadilishe tukiwa ndani." Katibu Mkuu akasema kuwa kukichukua ni kuikubali, na mwenye kuikubali ameuza watu. Basi. Kwa muda mfupi tu, chama kilichokuwa mwili mmoja kikawa viwili. Mtaani waliitana Wakadi, wa kuchukua kadi ya kitambulisho, na Wasusi, wa kususa. Baraza iliyokuwa ikikaa watu wote jioni ikawa na watu wa upande huu mwanzo, na wa upande ule mwisho, na katikati pengo ambalo mtu mzima angeweza kulala. Watu waliokuwa wakila sinia moja walianza kupishana bila ya salamu.

Mkuu wa tawi lao, Bwana Haroub, alikuwa Msusi wa kupindukia. Alikuwa na sauti nzuri na alijua kuitumia. Faiza alimfuata. Alimfuata kwa sababu maneno yake yaliingia, na pia kwa sababu aliona uchungu: damu yake ilikuwa bado inakumbuka kile kilichochukuliwa kwa sheria na karatasi, na hapa tena wanaletewa karatasi. Nunu, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, hakuwa upande wake.

"Mie sijui mambo ya juu," Nunu alimwambia. "Nnachojua, kura ndio kitu peke yake nnachopewa sawa na waziri. Siwezi kukitupa kwa hiari yangu."

"Hukitupi. Unakitumia kusema hapana."

"Mtu asiyekuwepo husema vipi hapana, Faiza?"

Walicheka, wakabadilisha mazungumzo. Bado waliweza kucheka.

Nunu alikwenda kwa sheha. Sheha wao alikuwa Bwana Usi, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiyependa ugomvi na mtu. Alimwambia, "Bi Nunu, mie nnakujua. Lakini mie nimehamia hapa nikiwa mtu mzima, siwezi kusema nimekuona ukizaliwa. Niletee wawili." Wa kwanza alipatikana siku ile ile: Mzee Mkadam, aliyefanya kazi bandarini na baba yake. Alikuja na mkongojo wake akasema yake akaondoka. Wa pili, kwa Nunu, halikuwa jambo la kufikiri. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Faiza.

Faiza alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukaacha kwenda.

"Nipe siku mbili," alisema.

Nunu alimtazama. Hakuwa amezoea kuombwa siku na Faiza. "Haya," alisema. "Lakini uandikishaji unafungwa karibuni, na kitambulisho chenyewe hakitoki siku moja."

Siku mbili zile Faiza hakuzitumia kufikiri. Alizitumia kuogopa. Tawini Bwana Haroub alikuwa amesimama mbele ya watu akasema kuwa yeyote atakayemsaidia mtu kujiandikisha, hata kwa neno, hata akiwa ndugu yake wa tumbo moja, basi na ajihesabu kuwa si mwenzao. Alipokuwa akisema alimtazama Faiza, au Faiza alidhani anamtazama. Nyumbani binti yake, Khawla, ambaye Nunu kwake alikuwa khaloo, mama mdogo, alimwambia, "Mama, ushahidi si wa chama. Khaloo Nunu amelala kitanda kimoja na wewe. Nenda ukaseme unalolijua, urudi."

"We hujui siasa."

"Sizijui. Lakini khaloo nnamjua."

Faiza alimkaripia akamwambia aende akafue.

Siku ya tatu walikuwa na harusi Malindi, katika nyumba moja kubwa ya mawe yenye ua katikati. Watu walikuwa wengi, moto wa masufuria manne, wanawake wa kusaidia wamekaa kwenye mbuzi na vinu na mabakuli. Miongoni mwao alikuwepo Mwanamwema, ambaye alikuwa mkubwa wao kwa miaka michache na wa chama kinachotawala tangu kuzaliwa kwake. Huyu walikuwa hawapatani naye. Zamani chuoni ndiye aliyekuwa akishika bakora mwalimu akitoka, na utu uzima ulipofika akawa akiwarushia mafumbo ya siasa kwenye shughuli za watu. Siku ile alikaa pembeni akikata vitunguu, kimya.

Nunu alingoja mpaka nyama iwe tayari imetiwa viungo. Kisha akamwambia Faiza kwa sauti ya chini, "Twende kesho basi kwa Bwana Usi? Nshamwambia tutakuja."

Faiza aliinamia sufuria. Alijua wale wanawake wengine wanasikiliza. Wawili kati yao walikuwa wa tawi lake, na lolote litakalosemwa hapa litafika kwa Haroub kabla ya magharibi.

"Faiza?"

"Nshakwambia msimamo wangu."

"Sikuombi uchukue kadi. Naomba useme unanijua."

"Ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja. Hebu nambie, nani mwengine aliyebaki? Mama yako ndiye aliyeniosha miguu siku aliyozikwa mama yangu. Angekuwa hai ningekwenda naye."

Labda ni kutajwa kwa mama yake. Labda ni joto la moto, na macho ya watu, na siku mbili za hofu zilizomjaa kifuani. Faiza alipandisha sauti. "Kama weye ni wa hapa kweli, basi unahitaji nini mtu wa kukushuhudia?"

Visu viliacha kukata. Neno lile kila mtu pale ua mzima alilielewa. Ni neno ambalo watu wa visiwa hivi wamepigana nalo miaka mingi, nani wa hapa na nani wa kuja, na kumwambia mtu ambaye wazee wake walitoka Bara ni kama kumtia kidole katika kidonda. Watu wa chama kinachotawala ndio waliokuwa wakishutumiwa kusema maneno kama yale. Na hapa limetoka kwa Faiza, kwenda kwa Nunu.

Nunu hakulia, hakupiga kelele. Aliinama, mwiko mkononi, akavuta kuni mbili kutoka kwenye meko la kwanza kwa sababu moto ulikuwa umezidi. Akafanya kazi yake mpaka mwisho. Akapandisha makaa juu ya vifuniko, akateremsha, akafunua, akapakua, kila sinia ikatoka kama inavyotakiwa. Waalikwa walisifu biriani ile mpaka wakachoka. Baada ya sinia ya mwisho kutoka, alinawa mikono, akavaa buibui lake, akamuaga mwenye shughuli, akatoka. Masufuria yake aliyaacha pale pale, na hakurudi kuyachukua.

Faiza alijiambia kuwa atakwenda kesho. Kesho alijiambia ataacha hasira zipoe. Tawini Bwana Haroub alimsifu mbele ya watu akasema hawa ndio wanawake wenye msimamo, na Faiza alihisi sifa zile zinamkaa mwilini kama nguo iliyoazimwa. Siku zikenda. Uandikishaji ukafungwa.

Sasa yapo mambo ambayo Faiza hakuwahi kuyasema tawini. Yeye kitambulisho kipya alikuwa nacho. Alikichukua mapema, kabla ya chama kugawika, alipohitaji karatasi za kwenda kutibiwa macho Dar es Salaam, na jina lake lilikuwa limeshaingia daftarini. Alikuwa amekiweka kabatini, chini ya nguo, akijiambia kuwa kukaa nacho si kukitumia.

Uchaguzi ulipobaki kama wiki mbili hivi, Mwenyekiti na Katibu Mkuu walionekana wamekaa meza moja. Walikuwa wamezungumza, wakasema, wamesameheana, na maslahi ya chama ni makubwa kuliko tofauti zao. Wakashikana mikono, wakapigwa picha, na wito ukatoka kwamba kila mwenye kitambulisho atoke akapige kura. Ndivyo ulivyokwisha ule msusio ambao watu walivunjiana undugu kwa ajili yake. Uliisha kwa chai na picha.

Siku ya kura Faiza alikwenda. Akiwa kwenye foleni alimuona Bwana Haroub akitoka chumbani, kidole chake kimepakwa wino. Alimwita.

"Bwana Haroub. Na weye ulikuwa nacho?"

Haroub alitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwengine. "Bi Faiza, siasa ndivyo zilivyo. Leo hivi, kesho vile. Usizitie moyoni."

"Mie nshazitia," alisema Faiza. Lakini Haroub alikuwa tayari anamsalimu mtu mwengine.

Kurudi nyumbani, njia ilipita mlangoni kwa Nunu. Faiza angeweza kuzunguka, na alifikiri kuzunguka. Nunu alikuwa amekaa barazani anachambua kunde kwenye ungo. Faiza aliuingiza mkono wenye wino ndani ya buibui.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykum salaam," Nunu aliitikia. "Mshapiga?"

"Tushapiga."

"Alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu atupe la kheri."

Akasema *atupe*, kama aliyepiga na yeye. Kisha akarudi kwenye kunde zake. Faiza aliuvuta mkono ndani zaidi. Akapita.

Chama kilishindwa, na kila upande ulisema umeshindwa kwa sababu ya upande wa pili.

Mwezi mmoja baadaye Faiza aliamka, akavaa, akaenda kwa sheha bila ya kuitwa.

"Bwana Usi, nimekuja kumshuhudia Nunu. Najua nimechelewa. Andika hivyo hivyo, kitamfaa siku nyengine."

Bwana Usi alivua miwani yake. "Bi Faiza, hilo lilishamalizika zamani. Bi Nunu kitambulisho anacho."

"Nani aliyemshuhudia?"

"Bi Mwanamwema. Alikuja wiki ile ile baada ya harusi ya Malindi. Hata Bi Nunu mwenyewe hakumtuma. Alinambia, 'Andika, Usi. Chama chake sikipendi na yeye simpendi, lakini huyu ni wa Kikwajuni, nimemtandika bakora kwa mkono wangu.'" Bwana Usi alitaka kucheka, akamtazama Faiza usoni, akaacha. "Tatizo ni kuwa kadi ilipotoka, daftari lilikuwa limeshafungwa. Ilikuwa karibu sana. Ushahidi ungekuja zile siku za mwanzo, angewahi."

Faiza alirudi nyumbani akakaa ukumbini mpaka jua likageuka. Khawla alimletea chai, ikapoa. "Mwanamwema," alikuwa akisema peke yake. "Mwanamwema!" Hakuwa na hasira na Mwanamwema. Lingekuwa jambo jepesi kama angekuwa nayo.

Alipokwenda kugonga mlango wa Nunu, aliufungua mpangaji mgeni. Nunu alikuwa amehamia Mbweni kwa binti yake. Faiza alimfuata huko. Nyumba ilikuwa mpya, imepakwa rangi ya krimu, na mbele mna maua ya asumini. Nunu mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

"Karibu," alisema. "Karibu sana. Pita, kaa hapa, kuna upepo."

Akaletwa chai ya maziwa, mkate wa kumimina na sambusa kwenye sahani ya maua. Akaletwa maji ya kunawa, na taulo safi. Nunu akamuuliza habari za Khawla, habari za macho yake, habari za mtaani. Faiza alikaa kwenye kochi na kikombe mkononi, akaelewa. Miaka yote ile hakuwahi kukaribishwa kwa Nunu. Alikuwa akiingia tu, anakwenda jikoni, anafunua sufuria, anauliza leo kuna nini. Sasa anakaribishwa.

"Nunu," alisema, "nimekuja kwa lile neno."

"Lipi?"

"Usinifanyie hivyo. Unalijua."

Nunu aliisogeza sahani ya sambusa. "Nnalijua."

"Nilikosa. Nilikosa mbele ya watu na mbele ya Mungu, na mbele ya mama yangu. Nisamehe."

"Nshakusamehe, Faiza. Wallahi tena nshakusamehe zamani, siku ile ile njiani nikirudi. Mtu hawezi kusali na kitu kama kile moyoni." Aliupangusa mkono wake kwenye kanga, ingawa haukuwa na kitu. "Lakini kazi siwezi tena. Nikisimama mbele ya moto na weye uko nyuma yangu, ntakuwa nasikia. Sitaki kusikia."

"Masufuria yako yapo kwangu."

"Yatumie. Hapa hapana pa kupikia kwa kuni."

Walizungumza kidogo tena, mambo ya watoto. Faiza alipoaga, Nunu alimfungia sambusa zilizobaki kwenye mfuko ampelekee Khawla, na akamsindikiza mpaka barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni.

Siku hizi Faiza anapika na Khawla. Khawla ana bidii, lakini moto haumsikilizi bado. Bwana Haroub alipanda cheo katika chama kilichopatana. Faiza aliacha ukatibu. Kadi ya chama hakuirudisha, ila mikutano haendi.

Mwaka jana walichukua harusi ya Mbweni, na katikati ya shughuli Khawla alichungulia ukumbini akarudi akisema khaloo Nunu yumo miongoni mwa waalikwa. Faiza alimwambia asimamie moto. Pilau siku ile ilishika kidogo chini, si sana, mtu wa kawaida asingejua. Waalikwa walipokuwa wakinawa, msichana mmoja wa nyumba ile aliingia jikoni na sinia tupu.

"Yule bibi mwenye buibui la zamani, wa karibu na dirisha, anasema mpishi ashukuriwe. Chakula kizuri."

Faiza aligeuka. "Kasema mpishi? Hakutaja jina?"

"Naam. Mpishi."

Khawla alimtazama mama yake. "Mama, nenda basi ukamsalimu. Hajaondoka."

Faiza alifuta mikono, akafika mpaka kwenye pazia la mlango. Kutoka pale alimuona Nunu amesimama, anajifunga mtandio, anaagana na mwenye shughuli kwa adabu zake zile zile. Alisimama pale mpaka Nunu akavaa viatu.

"Mwambie," alimwambia yule msichana, "mpishi anasema karibu tena."

Msichana alikwenda mbio. Faiza akarudi kwenye sufuria, akachukua upawa, akaanza kubandua ukoko.